Miaka Minne Isipimwe kwa Wiki Chache

Kila mwezi wa Novemba, vuli inaponyesha juu ya Milima ya Uluguru, vijana wa kidato cha nne huketi kufanya mtihani wa taifa. Katika wiki hizo chache huamuliwa nani ataendelea na masomo na nani atarudi nyumbani. Twauliza: je, ni haki wiki hizo ziwe nzito kuliko kazi ya miaka minne?

Swali hili si geni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alikosoa shule zilizouweka mtihani juu ya kila kitu. Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma Novemba 1974, ilikataa mtihani wa maandishi kuwa kipimo pekee. Tangu 1976 kazi ya mwanafunzi shuleni ilihesabiwa pamoja na mtihani, na kwa miaka mingi hesabu ilikuwa nusu kwa nusu. Baadaye mizani iliinamishwa, na sasa mtihani wa mwisho ndio ubebao sehemu kubwa.

Wako wasemao kwamba alama za shuleni haziaminiki, kwa kuwa mwalimu aweza kumpendelea amtakaye. Hoja hii haifai kupuuzwa. Alama ya bure ni wizi. Humnyang'anya mtoto wa mkulima nafasi aliyoitolea jasho. Walakini mizani ikiharibika hurekebishwa, haitupwi. Alama ziandikwe kila muhula na kubandikwe mahali pa wazi, wakaguzi wazilinganishe na madaftari, na atakayeghushi aadhibiwe.

Wengine wataka kazi za nyumbani nazo zihesabiwe. Hapo hatukubaliani nao. Tazameni mtoto wa Kinole au wa Mgeta: akitoka shule huteremka bondeni kuteka maji, hutafuta kuni, huwasaidia wazazi shambani, na giza likiingia taa ni ya shida. Mwenzake wa mjini Morogoro ana umeme, na pengine ana mzazi aliyesoma wa kumwongoza. Alama hizo zitakuwa za nyumba, wala si za mtoto. Kazi za nyumbani zitolewe ziwe mazoezi na zisahihishwe, lakini zisimwamulie mtu maisha yake.

Kinachostahili kuhesabiwa ni kazi ifanywayo shuleni mbele ya mwalimu: majaribio ya kila muhula, kazi za maabara, na shamba la shule. Kijana wa Uluguru awezaye kulima mteremkoni bila udongo kuporomoka hadi mto Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu ambalo mji wa Morogoro hulitegemea kwa maji, ana elimu ambayo karatasi ya maswali haiioni. Mkoloni aliwashurutisha Waluguru kuchimba matuta, nao mwaka 1955 wakaasi. Maarifa ya ardhi hayaingii kwa amri. Mtu huyapata kwa kutenda na kuelewa.

Kwa hiyo twasema: nusu kwa nusu irudi, chini ya ukaguzi mkali. Nanyi wanachama na wafanyakazi, msingoje matokeo ndipo mlalamike. Ingieni katika bodi na kamati za shule, ombeni kuona daftari la alama kila muhula, na pale penye upendeleo semeni waziwazi.