Ukungu Hauondoki kwa Kukwanguliwa

Wasomaji wenzangu, iko desturi moja iliyoenea sana majumbani mwetu, nami naona sisi tusomao elimu ya viumbe yatupasa kuipinga. Mkate ukiota ukungu, mtu huchukua kisu akakwangua palipo na rangi, kisha akala uliobaki. Mahindi yakiota ukungu, hupanguswa, huanikwa kidogo, yakapelekwa mashineni. Watu husema, "Ukungu ni uchafu wa juu tu." Mimi nasema ukungu si uchafu, wala si wa juu.

Kwanza yafaa tujue kuvu ni kitu gani. Zamani vitabu viliiweka kuvu pamoja na mimea, maana haitembei. Lakini kuvu haina ile rangi ya majani inayonasa nuru ya jua, wala haiwezi kujitengenezea chakula. Tena kuta za seli zake zina kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la panzi. Kwa hiyo wataalamu wameitenga, si mmea wala si mnyama.

Mwili wa kuvu ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hurefuka kwenye ncha zake, hutoa matawi, na kupenya ndani ya chakula. Sisi hutia chakula tumboni ndipo tukimeng'enye. Kuvu hufanya kinyume. Hutoa umajimaji wake nje, chakula kikalainika pale pale, kisha ikakifyonza. Ndiyo kusema kuvu hukaa ndani ya chakula chake. Ile rangi tuionayo juu, ya kijani au nyeusi, ni ya spora zake, yaani mbegu zinazongoja kupeperushwa. Hali kadhalika uyoga tuuchumao kwenye vichuguu wakati wa mvua ni tunda tu. Mwili wenyewe umo chini, katika bustani ya mchwa. Basi mtu akwanguaye ukungu afanana na yule achumaye maembe akadhani ameng'oa mwembe.

Wako watakaosema, "Kama hayatufai sisi, tuwape kuku." Nawajibu kwa habari ya Uingereza. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko, wala sababu haikujulikana mara moja. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba chakula chao kilitiwa mashudu ya karanga zilizoota kuvu iitwayo Aspergillus flavus, nayo kuvu hiyo ilikuwa imeacha sumu ndani yake. Sumu hiyo ndiyo twaiita sumukuvu. Haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Ng'ombe akiila, hupita hata katika maziwa.

Wala mambo haya si ya mbali. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 msiba kama huo ulifika Dodoma na Manyara, hapa Tanzania.

Sisemi kwamba kuvu zote ni adui. Hamira ya maandazi ni kuvu, na dawa ya penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, ilitoka katika ukungu. Tena najua kwamba kutupa debe la mahindi ni uchungu mkubwa, hasa miezi ya njaa. Kwa sababu hiyo nasema vita yetu iwe kabla ya ukungu kuonekana, si baadaye.

Spora zimo hewani kila mahali, hatuwezi kuzifukuza. Lakini spora haioti pasipo unyevu. Basi silaha yetu ni ukavu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Yaliyovunjika na yaliyotobolewa na wadudu yachambuliwe. Yasiingie ghalani mpaka unyevu wake umeshuka kufika asilimia 13.5 au chini yake. Asiye na kipimo na atwae chupa kavu, atie mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, atikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi, ayarudishe juani.

Chumvi na chupa havikosekani katika nyumba yo yote. Likizo ijayo ikitukuta wakati wa mavuno, kila mmoja wetu ajaribu jambo hili nyumbani, mbele ya wazazi, kwa adabu, bila kujionyesha kuwa msomi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni unyevu, nasi twajua jinsi ya kuuziba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu