Lubumbashi: Waleta makala wanasafiri gizani, taa ndogo ya kuchaji itawasaidia wapi?

Mji wa Lubumbashi unapika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo inaingia mjini kwa baiskeli. Kabla ya mapambazuko, kwenye barabara za Kasenga, Likasi na Kipushi, wanaume wanaendesha au kusukuma kinga zilizofungwa magunia yanayopita urefu wa vichwa vyao. Wengi hawana taa, mbele wala nyuma. Dereva wa gari anawatambua pale tu mwanga wa gari lake unapowafikia, na mara nyingine wakati huo amekwisha kuchelewa.

Taa ndogo za baiskeli zinazochajiwa kwa waya ule ule wa simu zimeenea katika masoko ya Afrika, bei yake ikiwa imeshuka sana tangu teknolojia ya LED ilipokuwa ya kawaida. Ni kitu kinachoenea kiganjani, kinafungwa kwenye usukani kwa mpira, na kinatoa mwanga mkali kuliko tochi za zamani za mawe. Kwa mwendesha baiskeli wa Ulaya anayerudi kazini jioni, jambo limekwisha hapo. Kwa mleta makala wa Haut-Katanga, halijaisha.

Kwanza, kwa nini usiku? Makala yanatakiwa kufika sokoni kabla akina mama hawajawasha mbabula, na mzigo wa namna ile hausukumwi kwenye jua la mwezi wa tisa au wa kumi bila mtu kuumia. Kisha kuna umbali. Msitu wa miombo uliokuwa karibu na mji umekatwa mwaka baada ya mwaka, wachomaji wamesogea mbali, na safari ambayo zamani ilikuwa ya saa chache leo inaweza kumaliza usiku mzima. Katika mwezi wa sita, jua linazama Lubumbashi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Giza ni refu.

Katika giza hilo baiskeli haiko peke yake. Barabara ya kitaifa namba 1, ile inayotoka Kolwezi na Likasi, ikipita Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa, ndiyo njia ya malori yanayopeleka shaba na kobalti Zambia na hadi bandari za bahari. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde moja tu kuelewa kwamba kile kitu cheusi mbele ni gunia lenye mtu, mita 17 zimekwisha kupita kabla hajagusa breki, na lori lililojaa madini halisimami kama taksi.

Hapa ndipo taa ya mbele inaonyesha nguvu yake na pia upungufu wake. Inamsaidia mwenye baiskeli kuona shimo, jiwe, au mtu anayetembea kando ya barabara. Inamsaidia pia dereva anayekuja kutoka upande wa pili. Lakini kwa lori linalomfuata kutoka nyuma haisaidii chochote, kwa sababu kati ya lori na taa hiyo kuna magunia mawili au matatu ya makala, meusi kama usiku wenyewe. Hata kile kioo chekundu ambacho baiskeli nyingi huwa nacho juu ya gurudumu la nyuma kinafunikwa na mzigo. Kwa hiyo kama mtu ana pesa ya taa moja tu, ile nyekundu ya nyuma, iliyofungwa juu ya gunia la mwisho, ina haki ya kununuliwa kwanza. Wauzaji hawalisemi hilo, maana taa kubwa ya mbele ndiyo inayovutia macho.

Kwamba taa hupunguza ajali si dhana tu. Katika mji wa Odense, nchini Denmark, watafiti waliwafuatilia waendesha baiskeli 3,845 kwa mwaka mzima, kati ya 2004 na 2005. Waliofungiwa taa za mbele na nyuma zinazowaka muda wote walipata ajali za kuumia chache kwa asilimia 19 kuliko wenzao. Inafaa kukumbuka kwamba taa zile hazikuchajiwa: ziliwashwa na sumaku zilizofungwa kwenye gurudumu. Wazee wa Katuba na Kenya hawatashangaa. Baiskeli za enzi zao zilikuwa na dinamo, gurudumu likizunguka taa inawaka, na hakuna aliyeuliza kama SNEL imerudisha umeme.

Swali la umeme ndilo zito. Katanga ina mabwawa yake, Mwadingusha kwenye mto Lufira tangu 1930, kisha Koni, Nzilo na Nseke, na ina waya wa umeme wa kilomita karibu 1,700 unaotoka Inga hadi Kolwezi. Lakini migodi inakunywa sehemu kubwa ya umeme huo, na katika mitaa mingi ya Lubumbashi delestaji ni sehemu ya maisha. Nchini kote, ni karibu raia mmoja tu kati ya watano mwenye umeme. Matokeo yake yanajulikana kila nyumba: hata mwenye jiko la umeme anaweka mbabula uani, kwa sababu bukari haisubiri. Ukosefu wa umeme mjini ndio unaomfanya mtu wa makala asafiri usiku, na ukosefu wa umeme kijijini ndio unaomzuia kuchaji taa ya kusafiria.

Hesabu ya betri lakini inatoa nafuu. Taa ndogo yenye betri ya mAh 2,000 inakula chini ya nusu ya umeme unaojaza simu nyingi za leo. Kibanda chenye paneli ya jua kinachochaji simu kinaweza kuichaji pia, kwa saa mbili hivi. Ikiwashwa kwa nguvu ya lumeni 400, itazima kabla ya saa mbili kupita. Ikiwekwa kwenye lumeni 100, inaweza kufikisha saa sita au saba, yaani karibu safari nzima. Mwanga mdogo unaofika mwisho wa safari ni bora kuliko mwanga mkubwa unaokufa njiani.

Mnunuzi ajihadhari pia na maandishi ya kwenye betri. Betri ya duara ya aina ya 18650, inayotumika katika tochi nyingi, haizidi mAh 3,600 hivi hata ikitoka kiwanda bora. Ile iliyoandikwa 9,900 ni uongo mtupu, na mara nyingi ndiyo inayovimba au kupata moto ikichajiwa.

Betri nyingi za lithiamu zina kobalti ndani yake, ingawa siyo zote. Kongo inachimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kupandisha bei, na tangu tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka huo inagawa kiasi kwa makampuni: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Mjadala wa Kinshasa ni juu ya bei na viwanda vya betri. Kuhusu mtu anayepishana na malori ya kobalti akiwa hana taa, mjadala haupo.

Sheria haikukosekana. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na taa nyeupe au ya manjano mbele, nyekundu nyuma, na kioo chekundu cha kurudisha mwanga. Kanuni ya barabara ya Kongo inatokana na sheria namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Lakini kuanza na faini kungekuwa kosa. Waleta makala tayari wanalipa kwenye vizuizi, na taa ingegeuka sababu mpya ya kuwasimamisha. Vivyo hivyo kwa vijana wa chukudu wanaoteremka kutoka Kibumba kwenda Goma.

Kuna njia ya bei ndogo kuliko zote ambayo haihitaji umeme: utepe unaorudisha mwanga, ule ule unaobandikwa nyuma ya malori. Kipande cha urefu wa mkono, kikishonwa kwenye kamba inayofunga magunia, kinang'aa mara taa za gari zinapokipiga. Makampuni ya migodi yanawavalisha wafanyakazi wao majaketi yenye utepe huo, ndani ya uzio wa mgodi. Nje ya uzio, kwenye barabara inayotumiwa na malori yao wenyewe, magunia bado ni meusi.