Jatiluwih: Kijiji cha mpunga kinachouza mandhari, lakini si ardhi

MGENI anayefika Jatiluwih hukutana na kibanda cha tiketi kabla hajaona shina hata moja la mpunga. Akishalipa hupita, na mbele yake hufunguka bonde zima la majaruba yaliyochongwa kama ngazi kwenye ubavu wa mlima, jaruba juu ya jaruba, kila moja likiwa na ukingo wake wa udongo na maji yake. Wengi hupiga picha, hula chakula cha mchana katika mgahawa unaotazama bonde, na jioni hurudi kwenye hoteli zao za ufukweni. Wachache huuliza mwenye jaruba anapata nini.

Kijiji hiki kiko tarafa ya Penebel, wilaya ya Tabanan, katika kisiwa cha Bali nchini Indonesia. Kimekaa kwenye mteremko wa mlima Batukaru wenye urefu wa mita 2,276, na chenyewe kiko kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Denpasar, makao makuu ya jimbo, ni mwendo wa kilomita 50 hivi, ambao kwa barabara nyembamba za huko huchukua saa moja na nusu au zaidi. Eneo la majaruba ni karibu hekta 300.

Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, liliingiza mandhari ya majaruba na mahekalu ya maji ya Bali, jumla ya hekta zipatazo 19,500, katika orodha ya urithi wa dunia. Jatiluwih ni sehemu ya eneo hilo, na ndiyo sehemu inayopigwa picha kuliko zote. Novemba 2024 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa likakitaja kijiji hicho miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Jina likishavuma namna hiyo, madalali hawakai mbali. Ndiyo maana mtu mwenye fedha za kuwekeza, au hata mwenye nauli tu ya kwenda kutembea, anapaswa kujua ni kitu gani hasa kinachouzwa pale na ni kipi hakiuzwi.

Kitu cha kwanza kisichouzwa ni maji.

Maji ya Jatiluwih yanasimamiwa na subak. Subak ni chama cha wakulima wote ambao mashamba yao hunywa kutoka chanzo kimoja, na kwa maelezo ya UNESCO mfumo huo umekuwapo tangu karne ya 9. Mtu haingii subak kwa sababu ya kuzaliwa kijijini. Huingia kwa sababu jaruba lake linapata maji kwenye banio hilo. Anayelima shamba la mwingine kwa mgao wa mavuno naye ana wajibu wake humo. Kiongozi huitwa pekaseh, na huchaguliwa na wakulima wenyewe. Kanuni zao, ziitwazo awig-awig, zinasema nani asafishe mfereji lini, nani apate maji kwanza, na faini ni kiasi gani kwa anayefungulia maji usiku wakati zamu si yake. Mgao hupimwa kwenye kizingiti cha gogo au cha saruji kilichochongwa mapengo, na upana wa pengo hufuata ukubwa wa eneo linalonyweshwa. Hakuna haja ya mita wala bili. Kila apitaye huona kwa macho kama pengo limechezewa.

Yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha skimu ya umwagiliaji atauliza swali lile lile: mkulima wa juu, ambaye maji humfikia kwanza, ana sababu gani ya kumwachia wa chini? Katika skimu nyingi hana, na ugomvi huanzia hapo. Bali sababu ipo, nayo ni wadudu. Majaruba ya juu na ya chini yakipandwa wakati mmoja, huvunwa wakati mmoja, na bonde zima hukaa bila mpunga kwa majuma kadhaa. Wadudu na panya hukosa chakula. Wa chini akinyimwa maji atapanda akichelewa, na wa juu atakapoanza msimu mwingine, wadudu waliolelewa kwenye shamba la jirani watapanda mlima kumfuata. Kugawana maji kumekuwa ni bima ya mazao. Kalenda ya kupanda hupangwa kupitia mahekalu ya maji, ambako subak kadhaa za mto mmoja hukutana. Kwa Wabali hayo ni ibada, na kwa hesabu za uchumi ni uratibu wa uzalishaji. Hakuna anayelazimika kuchagua kimoja.

Thamani ya utaratibu huo ilionekana ulipovurugwa. Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia, ikitafuta kujitosheleza kwa mchele, ilihimiza mbegu za muda mfupi, mbolea ya viwandani na dawa za wadudu, na wakulima wakaambiwa wapande mara nyingi kadiri wanavyoweza bila kungoja kalenda ya hekalu. Mavuno yalipanda mwanzoni. Kisha maji yakagombaniwa, na mashamba yakavamiwa na wadudu wadogo wa kahawia wanaofyonza utomvu wa shina, pamoja na ugonjwa wa virusi uitwao tungro. Dawa ziliua pia wadudu wale waliokuwa wakiwala waharibifu. Nchi nzima iliumia, hata mwaka 1986 Rais Suharto akapiga marufuku aina 57 za dawa zisitumike kwenye mpunga. Mwanaanthropolojia wa Marekani, J. Stephen Lansing, akishirikiana na mwanaikolojia James Kremer, baadaye alitumia programu ya kompyuta kulinganisha njia mbalimbali za kupanga misimu kwenye mito ya Bali. Matokeo yakawa kwamba mpango unaokaribiana sana na ule wa mahekalu ndio uliotoa mavuno mazuri. Wataalamu walikuwa wamekuja na dawa ya ugonjwa ambao wenyeji hawakuwa nao.

Hayo ndiyo mgeni anayoyalipia tiketi, ajue asijue. Sasa zije hesabu za mwenye jaruba.

Januari 2025 serikali ya Indonesia ilipanga bei ya kununulia mpunga kwa mkulima kuwa rupia 6,500 kwa kilo, takriban senti 40 za dola ya Marekani. Mkulima mwenye theluthi moja ya hekta, kipande ambacho si kidogo kwa Bali, akipata mavuno ya tani tano kwa hekta atakuwa na kilo 1,650 hivi. Hiyo ni rupia milioni 10.7, au dola zisizofika 700, kwa msimu wa miezi minne. Humo atoe trekta dogo la mkono, mbegu, mbolea, vibarua wa kupandikiza na kuvuna, na kama shamba si lake, fungu la mwenye shamba. Kijana wake anayebeba mizigo ya wageni hotelini huko kusini analipwa kila mwezi, na hachubuki mgongo kwa jua. Ndiyo maana wanaoonekana wameinama majarubani wengi ni watu wazima.

Sehemu ya mapato ya tiketi huingia serikali ya wilaya na sehemu hubaki kwa taasisi za kijiji, ikiwemo subak. Hata hivyo fedha nono iko kwenye sahani ya chakula na kitanda cha kulala, na hizo ni za yule aliyejenga mahali panapotazama bonde. Mkulima mwenye jaruba kando ya barabara hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza, kwa nini yeye abaki kuwa mapambo ya biashara ya jirani.

Mgogoro huo uliiva Desemba 2025. Kamati ya bunge la jimbo ilifika na askari wa utekelezaji wa sheria ndogo, wakafunga majengo kadhaa, migahawa ikiwemo, kwa madai kwamba yamejengwa kinyume cha mpango wa matumizi ya ardhi. Sheria namba 41 ya mwaka 2009 inalinda mashamba ya chakula yasigeuzwe matumizi ovyo, na hadhi ya urithi wa dunia nayo ina masharti yake. Lakini baadhi ya waliofungiwa walikuwa wenyeji na wakulima. Jibu lao halikuwa maandamano. Walichukua mabati wakayasimika katikati ya majaruba yao, yakawa yanameremeta juani, na picha za watalii zikaharibika. Kwa lugha ya biashara, walikuwa wamesitisha kutoa huduma ambayo hakuna aliyewahi kuwaandikia mkataba wa kuilipia.

Ni vigumu kusema serikali ilikosea kuzuia ujenzi. Majaruba yakijaa zege, mgeni hana la kufuata. Ila kumkataza mkulima kujenga bila kumwonyesha sehemu yake katika fedha inayoletwa na shamba lake ni kumwomba alime kwa hasara ili wengine wapate faida, na hakuna mkulima popote anayeendelea hivyo kwa muda mrefu.

Kwa mwekezaji wa kigeni, jambo la kwanza kusoma ni sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960. Umiliki kamili ni wa raia wa Indonesia peke yao. Madalali hupendekeza njia ya mkato: ardhi iandikwe jina la mwenyeji, mgeni atoe fedha, kisha waandikiane hati ya siri kati yao. Kifungu cha 26 kinasema muamala wa aina hiyo, uwe wa moja kwa moja au wa kuzunguka, ni batili. Ardhi huangukia mikononi mwa dola, na fedha iliyolipwa haidaiki. Kampuni iliyosajiliwa Indonesia yenye mtaji wa kigeni inaweza kupewa haki ya kulima ardhi ya serikali kwa hadi miaka 35, na kuongezewa 25, lakini kwa eneo lisilopungua hekta 5. Majaruba ya Jatiluwih ni vipande vidogo vidogo vya familia, kwa hiyo haki hiyo haiwahusu. Isitoshe, kampuni ya namna hiyo hutakiwa kuwa na mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi na majengo. Hizo ni zaidi ya dola 600,000. Mfanyabiashara mdogo anayeambiwa kwamba kuna kiwanja cha bei poa chenye mandhari ya mpunga ajue anauziwa kesi.

Kuna pia hatari isiyoandikwa kwenye sheria yoyote, nayo ni ya soko lenyewe. Mwaka 2019 Bali ilipokea wageni wa kigeni wapatao milioni 6.3. Mwaka 2021, kwa sababu ya korona, takwimu rasmi zilihesabu 51. Si elfu 51. Ni watu 51. Waliokuwa na hoteli peke yake walifunga, na wafanyakazi wengi wa utalii walirudi vijijini kulima. Kufikia mwaka 2024 idadi ilikuwa imerudi juu ya milioni 6.3, lakini aliyekopa benki mwaka 2019 hakupewa likizo ya miaka mitano.

Kilicho wazi kwa biashara ni mchele wenyewe, na hapo Jatiluwih ina kitu cha pekee. Wakulima wake bado hupanda mpunga mwekundu wa asili, unaokaa shambani miezi mitano hadi sita. Huzaa kidogo kuliko mbegu za kisasa lakini huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Zamani ulivunwa shuke moja moja kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, ukafungwa mafungu na kuwekwa ghalani. Baada ya mavuno bata huingizwa majarubani kula konokono na punje zilizodondoka. Wageni huuziwa mchele huo katika pakiti, na pia kinywaji cha mchele mwekundu uliokaangwa. Anayejua kufungasha, kuweka nembo na kutafuta soko la hoteli za kusini ana kazi ya kufanya pale pamoja na wenyeji, bila kuhitaji hata mita moja ya ardhi. Fedha ya namna hiyo humfikia mtu aliyeinama jarubani.

Anayekwenda kujifunza naye hapotezi nauli. Kwa Mtanzania, Indonesia si ngeni katika mpunga: kituo cha mafunzo ya wakulima cha Mkindo, mkoani Morogoro, kilijengwa kwa msaada wa nchi hiyo mwaka 1996. Mvua za Bali kwa kawaida hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi. Mpunga mwekundu hupandwa mwanzoni mwa mwaka na kuvunwa karibu na Juni au Julai, kisha mpunga mweupe wa muda mfupi hufuata. Mgeni wa kigeni hulipa ada ya jimbo ya rupia 150,000, iliyoanza Februari 14, 2024, mbali na viza na tiketi ya kijiji. Aepuke kupanga safari siku ya Nyepi, ambayo mara nyingi huangukia Machi. Siku hiyo kisiwa kizima hufungwa kwa saa 24, hata uwanja wa ndege. Hekaluni huvaliwa kitambaa kiunoni. Kwenye kingo za majaruba hupishwa mwenye mzigo, na kwa maswali ya maji, wa kumtafuta ni pekaseh.