Kempa ya Pwani ianze na feni ya paa, sofa baadaye

Kijana mwenzangu, kama una wazo la kununua Hiace kuukuu, kuing'oa viti na kuigeuza kempa ya kukodisha kwa wageni wa Kilifi, Watamu na Malindi, sitakukatisha tamaa. Soko lipo. Kila Desemba watu humiminika Kilifi kufunga mwaka, wengine wakifuata tamasha la Beneath the Baobabs, na vyumba hupanda bei hadi mtu akaona heri alale garini. Ninalotaka tubishane ni jambo moja tu: pesa zako za kwanza zinaenda wapi?

Najua zinakoenda, maana video ulizotazama wewe nimezitazama pia. Mbao ukutani, taa za rangi, spika mbili kubwa, sofa inayokunjuka ikawa kitanda, rafu ya vikombe. Halafu kati ya bati na mbao, tabaka nene la kuzuia baridi. Baridi gani, bana? Wale wanaotuonyesha magari hayo wako Ujerumani, Canada, au milimani huko Marekani, ambako mtu akilala garini Januari huamka akakuta barafu kwenye kioo. Shida yao ni joto kutoroka. Shida yako ni joto kukataa kutoka. Ukinakili kila kitu walichofanya, utakuwa umejenga oveni yenye taa nzuri, na mgeni wako wa kwanza hatarudi.

Msimamo wangu ni huu. Hapa kwetu, kabla hujanunua hata mto, toboa paa uweke feni ya kutoa hewa. Hayo mengine yatakuja pesa zikipatikana.

Hebu fikiria usiku wa Machi pale Malindi, kaskazi imelegea na kusi haijaanza. Hata saa tisa usiku joto la nje huenda lisishuke chini ya nyuzi 25, na hewa imejaa unyevu. Gari lilishinda juani. Gari lililofungwa likikaa kwenye jua hupanda nyuzi kumi na zaidi ndani ya nusu saa tu, na bati, viti na godoro hubaki na joto hilo hata jua likishatua. Sasa ingieni watu wawili mlale. Kila mmoja, hata akiwa usingizini, anatoa joto la karibu wati 70 hadi 80, kama balbu ya zamani isiyozimwa. Juu ya hayo, jasho na pumzi zenu zinaongeza unyevu. Kufikia alfajiri shuka limelowa, na baada ya mwezi mmoja godoro linanuka ukungu.

Joto hupanda juu. Wazee wetu walilijua hilo bila video. Angalia banda la makuti: kati ya ukuta na paa huachwa nafasi, na makuti yenyewe yanapumua. Nenda Gedi, mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, uone nyumba za mawe zilivyoachiwa nyua za ndani zilizo wazi juu. Halafu sisi wajukuu tunalala kwenye sanduku la bati lililofungwa juu, tukitegemea kadirisha ka pembeni.

Utasema, si nitaweka feni ya mezani? Hiyo inazungusha hewa ileile ya moto. Inakupepea, ndiyo, na ni bora kuliko kukosa, lakini joto haliendi popote. Utasema basi nitaweka kiyoyozi. Fanya hesabu. Hata kiyoyozi kidogo kinachokula wati 600 kitavuta ampea 50 kwenye betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 100, hata ikiwa ile ya lithiamu, itaisha kwa saa mbili hivi. Saa sita usiku uko gizani, unatokwa jasho, na betri imekufa. Feni ya paa, kwa kasi ya chini, nyingi hula chini ya ampea moja. Ukiiwasha kwa nguvu zote itakula ampea mbili hadi nne, lakini usiku kucha huhitaji nguvu zote. Kwa wastani wa ampea moja na nusu, saa kumi za kulala zinakula ampea-saa 15. Paneli moja ya sola ya wati 100, na jua hili la Mambrui, inarudisha hizo na kukuachia za kuchaji simu.

Ila tusidanganyane. Feni haiwezi kulifanya gari liwe baridi kuliko nje. Ikiwa nje ni nyuzi 27, ndani hutapata 24. Kazi yake ni kuhakikisha ndani hakuzidi nje, na kwamba upepo unapita juu ya ngozi yako ili jasho likauke. Atakayekuuzia feni huku akikuahidi ubaridi wa hoteli, mwache aende zake.

Sasa kuchagua. Feni zinazosifiwa sana duniani ni za Marekani, kina MaxxFan na Fan-Tastic, na tundu lake huwa la inchi 14 kwa 14, yaani karibu sentimita 35 kila upande. Ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, unaweza kuhitaji kukaa chini kwanza. Sisemi lazima ununue hiyo. Nasema jua unacholipia. Ya kwanza kuangalia ni kama inaweza kufanya kazi mvua ikinyesha. Mvua ya Mei huku haibishi hodi, na usiku wa mvua ndio usiku unaofunga madirisha yote. Feni inayolazimu mfuniko ufungwe tone la kwanza likidondoka haijakusaidia. MaxxFan wameijengea kofia juu kwa sababu hiyo. Ukinunua nyingine, fundi wako anaweza kukuchomelea kofia ya aina hiyo. Ya pili ni kelele: feni inayonguruma utaizima mwenyewe, na feni iliyozimwa ni tundu tu. Ya tatu, iweze kubadilisha mwelekeo, itoe hewa na iingize.

Kama mfuko umetoboka, zipo feni za kompyuta za milimita 120, zinazotumia volti 12. Mbili au tatu kwenye fremu moja, kila moja ikila sehemu ndogo ya ampea, hazina nguvu ya ile kubwa lakini zinafanya kazi kimyakimya usiku kucha. Feni ya rejeta niliyoona mtu akiipachika kwenye paa, hapana. Ina pupa ya umeme na makelele ya posho mill. Na zile kofia zinazozunguka zenyewe juu ya magari ya mizigo zinategemea upepo au mwendo. Upepo ukilala, nazo zinalala, na usiku huo ndio ulizihitaji.

Kuna hoja moja ambayo vijana wa kiume huwa wanairuka, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Dada anayelala peke yake kwenye gari, tuseme ameegesha karibu na Bofa au kando ya barabara ya Marafa, hawezi kufungua mlango wa pembeni apate hewa. Hawezi hata kushusha kioo nusu. Akifungua, mkono wa mtu unaingia. Akifunga, anachemka. Ndiyo maana tundu la paa lina maana kuliko dirisha: liko juu, halichunguliwi, na mfuniko wake unafungwa kwa ndani. Ukikodisha gari kwa mwanamke bila kulifikiria hili, umemwambia achague kati ya usalama na usingizi. Sioni kwa nini alipe pesa zake kuchagua hivyo.

Lakini hapo pia ndipo wengi hukosea. Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Ukifunga kila kitu ukaiwasha, itapiga kelele tu. Lazima kuwe na njia ya kuingilia, na iwe upande wa pili wa gari, chini. Njia salama ni kutoboa sakafu karibu na kitanda, uweke wavu wa chuma imara na ndani yake wavu wa mbu, mbali na bomba la moshi. Au weka vile vizuia mvua juu ya vioo vya mbele, ushushe kioo kidogo kiasi kwamba vidole havipiti. Mbu usiwapuuze, hii ni Pwani na malaria ipo. Ila kumbuka wavu unapunguza hewa, kwa hiyo tundu la kuingizia lifanye kubwa kuliko unavyodhani.

Feni ikae wapi? Wengi huiweka juu ya kitanda kwa sababu wanataka kuiona inazunguka. Mimi ningeiweka juu ya sehemu ya kupikia, na tundu la kuingizia hewa liwe upande wa kitanda. Hivyo hewa mpya inampitia kwanza aliyelala, kisha jikoni, kisha inatoka na harufu ya kitunguu. Ukigeuza mpangilio, utalala ndani ya mvuke wa samaki wa jioni.

Na kwa kuwa nimetaja kupika: feni si ruhusa ya kuwasha jiko la makaa ndani ya gari. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikikupata usingizini hutajua. Tena feni inayovuta hewa kwa nguvu bila njia nzuri ya kuingizia inaweza kuuvuta moshi wa nje uingie kupitia upenyo wowote. Jiko la makaa likae nje, mita kadhaa kutoka garini. Injini nayo usiiache ikinguruma mkiwa mmelala, hata kama ni kwa ajili ya kuchaji betri.

Kuhusu kukata paa, naona hofu nyingi isiyo na sababu. Ati paa likikatwa gari limeharibika. Nani alikata mapaa ya magari ya watalii unayoyaona yakitoka Malindi kwenda Tsavo kupitia lango la Sala? Yale mapaa yanayoinuliwa ili mgeni asimame kuona ndovu, ni mafundi wa hapa nchini waliozoea kuyakata, na mengi ni Hiace na Nissan zilezile. Ujuzi tunao nyumbani. Nenda kwa fundi aliyewahi kufanya magari hayo, si yule wa kuchomelea mageti, hata kama wa mageti ni binamu yako.

Msimamie, lakini. Tundu likatwe kati ya mbavu za paa, mbavu zenyewe zisiguswe. Ukingo uliokatwa upakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kabla hata hamjaenda kula, kwa sababu hewa ya chumvi huku hula bati tupu kwa kasi ya ajabu. Zibeni kwa gundi ya mpira ya magari inayobaki laini, si ile silikoni ya bafuni ambayo inang'oka gari likitikisika kwenye barabara ya vumbi. Kisha mwageni ndoo kadhaa za maji juu, mkae ndani muangalie. Paa lenyewe lipakeni nyeupe. Nyeusi inapendeza kwenye picha, ila jua la saa saba haliangalii picha. Na hapo chini ya paa, tabaka jembamba la kuzuia joto la jua ni sawa kabisa. Ninalopinga ni kulifungia gari kama friji kisha kusahau kulipa pua.

Umeme wa feni utoke kwenye betri yake, si ile ya kuwashia gari, na waya upitie kwenye fyuzi. Vinginevyo mgeni wako ataamka Ngomeni na gari lisilowaka, na simu atakayepigiwa ni wewe. Ukisafiri funga mfuniko. Ukiusahau wazi kwenye barabara ya Mombasa na Malindi, upepo utakuchukulia, na kuupata mwingine ni hadithi ndefu. Na makaratasi pia: gari likibadilishwa umbo au matumizi, NTSA hutaka likaguliwe na usajili urekebishwe. Bima iambie mapema, kwa sababu ukingoja ajali ndipo ueleze kuhusu kitanda na tundu la paa, utaeleza peke yako.

Siku ya kulichukua gari kwa fundi, beba kijiti cha udi na kiberiti. Funga milango, fungua tundu la kuingizia, washa feni kasi ya chini, kisha kaa kitandani ushike udi usawa wa kichwa. Moshi ukielea kuelekea feni na kupotea juu, kazi imekamilika. Ukibaki ukizunguka hapo kwenye mto, mwambie fundi arudi aongeze tundu la hewa kabla hujamlipa salio lake.