Gitaa la Marehemu Baba

Kijana mmoja wa Kashebere amelitoa darini gitaa la marehemu baba yake. Limeota ukungu, na nyuzi zimeshika kutu. Ataka kulianika juani likauke upesi. Asithubutu! Jua kali hupasua ubao wenye unyevu na kulegeza gundi. Kwanza azilegeze nyuzi, ndipo aziondoe. Apanguse ukungu kwa kitambaa kikavu, asimwage maji. Alitundike kivulini penye hewa siku kadhaa. Kisha atie nyuzi mpya, azikaze polepole.

Kwa gitaa moja tu la mbao Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, akajulikana mbali. Basi, haraka ya siku moja isiharibu urithi uliomngoja mwana miaka yote hiyo.