Jiko Dogo Si Sababu ya Kubomoa Ukuta

Siku hizi nyumba ya mawe ikitengenezwa Lamu, utasikia: jiko ni dogo, tena lina giza, ukuta uvunjwe. Mimi sikubaliani na rai hiyo.

Wazee wetu hawakujenga vyumba vyembamba kwa ujinga. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na ukuta ndio uzibebao. Ukiuvunja, sakafu ya juu itakaa juu ya nini?

Lakini si haki pia mama zetu washinde gizani wakivuta moshi, eti twahifadhi mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Dawa ipo. Masizi yakwanguliwe, ukuta upakwe chokaa nyeupe, wala si saruji, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya mawe. Mlango wa kiwandani usizibwe kwa makabati, mwangaza uingie. Vyombo vidogo viwekwe zidakani, chini pabaki nafasi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, sisi tunaobomoa ukuta mzima, tutajenga nini?