Mjusi wa Meksiko na Mzigo wa Neno "Aina"

Aghalabu mwanafunzi hufunzwa kwamba kila aina ya mnyama ina idadi yake maalumu ya kromosomu: binadamu 46, mbwa 78, na mjadala ukafungwa hapo. Katika nyanda za juu za kati nchini Meksiko, hata hivyo, yuko mjusi anayeitia kauli hiyo mashakani. Makundi ya mjusi huyo, ambaye jina lake la kisayansi ni Sceloporus grammicus, yamepatikana na kromosomu kuanzia 31 hadi 46, ilhali kuyatofautisha kwa macho si rahisi.

Chanzo kikuu cha tofauti hizo ni mpasuko. Kromosomu moja kubwa yenye mikono miwili hukatika katikati ikawa mbili ndogo. Idadi huongezeka, lakini urithi uliomo hubaki takriban ule ule. Karibu na mji wa Tulancingo, jimboni Hidalgo, kundi lenye kromosomu 34 hukutana na jingine lenye 44 hadi 46, nayo huzaliana. Mahuluti hurithi kromosomu nzima kutoka kwa mzazi mmoja na vipande viwili kutoka kwa mwingine, na vinapogawanywa wakati wa kuunda mbegu au yai, mgawo huweza kwenda mrama.

Je, hao ni mjusi mmoja au kadhaa? Wanabiolojia wamebishana kwa miongo, na anayetaka kuueleza ubishi huo kwa Kiswahili hukwama mapema. Neno "aina" limebebeshwa mno: aina za viatu, aina za vitenzi, aina za wanyama. Kusema kwamba "aina moja ina aina nyingi" ni kumchezea msomaji shere. Yafaa "spishi" itengewe dhana ya kibiolojia, na makundi yanayotofautiana kwa kromosomu yaitwe "mbari".

Wapo watakaouliza faida ya jitihada hiyo ilhali Biolojia hufunzwa kwa Kiingereza katika shule za upili za Kenya. Swali hilo linageuza mambo juu chini, kwani istilahi zisipokuwapo ndipo hoja ya kukinyima Kiswahili darasa hupata nguvu. Isitoshe, mwanaisimu ameizoea hali ya mjusi huyu. Anayesafiri kutoka Lamu hadi Vanga husikia lahaja zikibadilika kidogo kidogo, na mahali pa kuuchora mpaka bado panabishaniwa.